SOMO: Popo wamekukosea nini? Jinsi ya kupanga mapigano kwenye gemu yako ya RPG

Wakuu, habari za jioni.

Leo umeme haujakatika huku Tabata, kwa hiyo nalipa deni. Niliahidi somo la mapigano kwa sisi tunaotengeneza wenyewe gemu za RPG (zile za hadithi, unaongoza wahusika wanaosafiri na kupigana kwa zamu), usiku baada ya kazi, bila kampuni wala bajeti. Mimi natumia RPG Maker MV, programu ya kutengenezea gemu hizo, ile ya mwaka 2015, na namba zote nitakazotaja ni za humo. Wewe wa Godot, ile programu nyingine ya gemu, chukua fikra, mahesabu utayaandika mwenyewe.

Nianze na aibu yangu. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na binti anayetoka Gongo la Mboto kwenda Pugu kumtafuta babu yake. Njia nzima nilimjazia maadui wanaokuja na programu yenyewe: popo, lile dude la ute, na yule ng'ombe-mtu mwenye shoka. (Ng'ombe-mtu angalau ningeweza kumtetea, maana Pugu kuna mnada wa ng'ombe.) Nikampa mpwa wangu wa miaka 11 acheze. Akapiga popo, akapiga popo, akapiga popo, kisha akaweka simu chini akaniuliza: "Anko, hawa popo wamemkosea nini huyu dada?"

Nikamjibu ni maadui. Akasema, "Sawa, lakini wamefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Na ukifika kwenye yale mapango ya Pugu yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini, popo wamo kweli, na jua likizama wanatoka kwa makundi. Hawamtafuti mtu. Wanakwenda zao kula. Aliyevamia ni binti wangu na taa yake. Somo lote hili limetoka kwenye swali la yule mtoto.

HATUA YA 1: Muulize adui anataka nini

Chukua daftari. Kila adui mwandikie mstari mmoja: anataka nini, na mchezaji anamzuiaje. Kwa mfano:

Kibaka wa stendi anataka simu yako. Wewe umeishika.
Mbwa wa getini anataka usivuke geti. Wewe unataka kuvuka.
Chunusi wa mto Msimbazi anataka mmoja wenu abaki majini.
Popo wanataka kutoka pangoni. Umesimama mlangoni na taa.

Ukijikuta umeandika "anataka kuniua", ongeza "kwa sababu". Ukiishia na "kwa sababu ni mbaya", huyo bado hujamtengeneza. Mfute, au mrudishe kwenye daftari. Mimi nilifuta 14 kati ya 19, na gemu haikupungukiwa kitu.

HATUA YA 2: Haja ya adui igeuze iwe sheria ya pambano

Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Wanamtungia adui hadithi nzuri, anaongea maneno matatu ya uchungu, kisha pambano linaanza na ni lilelile: Piga, Piga, Dawa, Piga. Kama sababu ya kupigana haionekani ndani ya pambano lenyewe, mchezaji ataisahau kabla ya zamu ya pili.

Turudi kwa kibaka. Anataka simu, si roho yako. Basi zamu ya kwanza anajaribu kukwapua. Akifanikiwa, zamu ya pili anatimua mbio, pambano limekwisha, simu imekwenda. Kuna amri ya adui kukimbia tayari ndani ya programu, huhitaji plagini (kipande cha programu cha kuongezea). Ghafla damu yake, yaani namba ya uhai wake, si hoja tena. Hoja ni nani mwepesi kati yenu, na mwenzako aliyekuwa na nguvu kuliko wote hana maana hapa kwa sababu ni mzito. Huyu ni adui wa damu 60 tu, na wachezaji wangu wanamwogopa kuliko bosi, yule adui mkubwa.

Mbwa ni rahisi: ukimpiga anauma kweli, ukijilinda anabweka tu, na zamu ya nne mwenye nyumba anatoka kuangalia kelele za nini. Sasa mchezaji achague kama anamsubiri mwenye nyumba au la.

Chunusi nilimhangaikia wiki mbili. Nilianza kwa kumpa damu 800 na mikono sita. Ovyo kabisa. Nani aliwahi kusikia mtu amempiga chunusi akamwua? Hadithi za wazee zote zinasema mtu alivutwa, basi. Kwa hiyo nikaondoa damu. Kila zamu anamvuta mmoja wenu, na kinachopungua ni pumzi. Kumpiga hakufanyi kitu, kisu kinapita kama kwenye uji. Unachoweza ni kumshika mkono mwenzako na kuvuta kuelekea ukingoni, zamu sita. Mkifika nchi kavu mmeshinda, naye bado yuko mtoni, na mchezaji akipita tena daraja la Jangwani anajua yuko.

Na popo? Wako sita, dhaifu. Taa ikiwaka, kila zamu wanaongezeka wawili. Nikaongeza amri moja: Zima Taa. Ukizima, wanapita juu yako, pambano linaisha. Ila ramani inayofuata utatembea gizani hatua 40, na pango lina mashimo. Hapo ndipo nilipojisikia kwa mara ya kwanza kuwa nimetengeneza pambano.

Najua kuna atakayesema hii ni Undertale. Kweli, Undertale (2015) ilionyesha unaweza kumaliza gemu nzima bila kuua hata mmoja. Lakini nimeona watu wakiiga kitufe cha kusamehe bila kuiga kazi iliyo nyuma yake. Kumsamehe adui asiye na haja ni sawa na kumpiga adui asiye na haja. Umebadilisha kitufe tu.

HATUA YA 3: Mahesabu

Shambulio la kawaida kwenye MV ni nguvu ya mpigaji mara 4, toa kinga ya mpigwaji mara 2, kisha programu inayumbisha jibu hadi asilimia 20 juu au chini. Shujaa mwenye nguvu 20 akimpiga adui wa kinga 15: 80 toa 30, ni 50. Adui wa damu 150 anaanguka kwa mapigo matatu, akibahatika manne.

Sasa tazama mtego. Umeona pambano rahisi, ukaamua kumwongezea kinga kidogo, kutoka 15 hadi 30. Jibu linakuwa 20, na mapigo ni manane. Ukifika kinga 40, shujaa wako anapiga sifuri. Kwa vile ni kutoa na si kugawa, kinga inauma kuliko unavyodhani. Ukitaka adui mgumu gusa damu yake kwanza, kinga iwe ya mwisho.

Kisha shika saa. Kwangu zamu moja yenye wahusika watatu, pamoja na kuchagua na kutazama miale ya uchawi, ni kama sekunde 20. Pambano la zamu nne ni sekunde 80. Ukiweka mapambano 25 kati ya Kariakoo na Feri, umemla mtu zaidi ya nusu saa, kabla hajapanda pantoni. Daladala kwenye foleni haina ukatili huo.

HATUA YA 4: Ramani

Mapambano ya kushtukiza hupangwa kwa hatua. Chaguo la mwanzo ni 30, na wengi wanadhani maana yake ni kila baada ya hatua 30. Hapana. Programu inachagua namba ya bahati mara mbili na kujumlisha, kwa hiyo pambano linaweza kuja hatua ya kwanza au ya 59, wastani ndio 30. Na ukitembea kwenye kigae (kipande kimoja cha ramani) ulichokiweka alama ya kichaka, kila hatua inahesabiwa mbili. Hilo la kichaka litumie: mchezaji akijua majani marefu ni hatari na barabara ni salama, kupigana kunakuwa uamuzi wake.

Mimi siku hizi nawaweka maadui waonekane kwenye ramani. Si ugunduzi wangu. Mother 2 ya mwaka 1994, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la EarthBound, ilifanya hivyo, na ikaenda mbali zaidi: ukishakuwa na nguvu mno, wadogo wanakukimbia, na ukiwagusa unahesabiwa umeshinda bila hata kufungua pambano. Hata adui ana akili ya kujua hapa sipawezi.

HATUA YA 5: Mpe mtu acheze, wewe kaa kimya

Usimwelekeze. Tazama vidole. Akibonyeza Piga bila kutazama skrini, pambano hilo limekufa, hata kama namba zake ni safi.

Karibuni maswali.

MASWALI

Mtoto_wa_Mbagala: Mkuu somo zuri, ila kwangu wachezaji wanakimbia kila pambano hadi wanafika kwa bosi wakiwa leveli 3. Niondoe amri ya kukimbia?

Jibu: Usiondoe mkuu. Mtu anayekimbia anakwambia kitu. Kwanza hesabu: nafasi ya kukimbia ni nusu ya wepesi wenu ukigawa kwa wepesi wa maadui. Mkilingana ni asilimia 50, na kila mkishindwa inaongezeka 10. Kama wanakimbia kirahisi, maadui wako ni wazito, waongezee wepesi. Lakini swali kubwa ni kwa nini wabaki? Kama kibaka ana simu ya mwenzao, hawatakimbia, watamkimbiza.

Binti Kigamboni: Mimi sipendi vita kabisa. Naweza kutengeneza RPG isiyo na kupigana halafu bado iwe na mapambano?

Jibu: Dada, wewe umekaa juu ya dhahabu. Nenda ukumbi wa taarabu. Wawili wasiopatana, mmoja anainuka kumtuza mwimbaji kwenye ubeti unaomhusu mwenzake, anamwelekezea kidole na noti mkononi. Hayo ni mapambano ya zamu tayari! Badala ya damu weka soni, ikijaa mtu anatoka ukumbini. Amri ziwe Mpasho, Kausha na Tuza. Tuza inakula pesa lakini inapiga mara mbili. Silaha ni kanga, kila moja na jina lake, na jina lisilomhusu mpinzani halimpati. Hapo mchezaji lazima kwanza azunguke mtaani ajue nani ana siri gani. Ukiitengeneza nitakuwa wa kwanza kuicheza, na mama yangu wa pili.

fundi_redio: Bosi wangu wa mwisho ana damu 20,000. Watu wanalalamika dakika 15 wanapiga tu. Nipunguze hadi ngapi?

Jibu: Kaka, namba si ugonjwa, ni dalili. Je, dakika ya 12 kuna kitu kinachotokea ambacho hakikutokea dakika ya 2? Kama hakuna, kata hadi 5,000 leo hii. Kisha mpe mageuzi mawili: damu ikifika nusu anabadili anachotaka. Alikuja kulinda ghala, sasa ghala linawaka, anataka kutoka. Wewe ndiye umesimama mlangoni.

Mzee wa Temeke: Nataka kuweka panya road kama maadui. Watu wa Dar wote watawaelewa haraka.

Jibu: Shikamoo mzee. Watawaelewa haraka, na ndiyo shida yenyewe. Mtaani kwetu kuna nyumba zilizoingiliwa na vijana wa mapanga, na hofu ile si ya kuchezea. Lakini pia kuna mama aliyeona mwanawe anaitwa panya road kwa kuwa tu alikuwa anapita na wenzake usiku. Ukiwaweka kumi wasio na sura, wanaokufa na kuacha shilingi 500, umewafanya kama lile dude la ute. Mimi ningeweka watano, kila mmoja na sura na jina, na mmoja wao awe anamjua mhusika wako, walisoma wote. Huyo zamu yake ikifika anasita. Mchezaji akimwita jina, anatupa panga. Wanne wabaki wanatisha kama kawaida, sikuambii uwapake asali. Na pambano likipotezwa isiwe mwisho wa gemu, wachukue vitu waondoke, maana ndicho walichokuja kukifuata.

Kobe_la_Bunju: Inachezeka kwenye simu ndogo?

Jibu: MV inatoa toleo la Android, ndiyo. Kuza maandishi, na miale ya uchawi ipunguze, chaji inakwisha.

Binti Kigamboni: Samahani narudi tena. Yule mpwa wako aliionaje ile ya popo ulivyoibadilisha?

Jibu: Alizima taa mara moja, hata hakuwaza. Popo wakapita. Akaingia gizani, akatumbukia shimoni mara tatu, akanirudishia simu akasema, "Anko, sasa hapa ni wewe ndiye uliyenikosea." Jana nimeongeza tundu moja kwenye paa la pango, mbalamwezi inaingia kidogo. Anajaribu tena Jumamosi.