Jinsi ya kulipata na kuliokoa faili lililokatika katikati ya kupakuliwa

Mtandao ukikatika wakati faili kubwa limekaribia kumalizika, watu wengi hubonyeza kitufe cha kughairi na kuanza upya, na kwa kufanya hivyo hufuta kwa mkono wao gigabaiti walizokwisha kuzilipia. Data hizo zipo tayari ndani ya diski, zimeandikwa kidogo kidogo kwenye faili la muda, na mara nyingi zinaweza kuendelezwa kutoka pale zilipoishia. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwalimu wa sekondari aliyekuwa akipakua faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 (mfumo wa Linux), lenye karibu GB 6, kwa bando la simu, umeme ukakatika kazi ikiwa imebaki kidogo. Maelezo yanahusu hasa kompyuta za Windows na Linux.

Hatua ya 1: Usighairi

Sitisha upakuaji badala ya kuughairi, kwa sababu kughairi hufuta faili la muda papo hapo. Ikiwa ulikuwa ukipakua katika dirisha la faragha la Chrome, usilifunge, kwani likifungwa upakuaji ambao haujakamilika hughairiwa nalo.

Hatua ya 2: Litafute faili la muda

Vivinjari havitumii mahali pamoja. Chrome, pamoja na Edge ya sasa ambayo imejengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, huandika data moja kwa moja katika folda ile ile ambamo faili litakaa, ambayo kwa kawaida ni Downloads. Wakati kivinjari bado kinasubiri uchague mahali pa kuhifadhi, au kinasubiri uthibitishe faili ambalo kimelitilia shaka, jina huwa Unconfirmed likifuatwa na tarakimu na kumalizikia na .crdownload, baadaye hubadilika kuwa jina halisi la faili, bado likiwa na .crdownload mwishoni. Opera hutumia .opdownload. Safari ya Mac hutengeneza kifurushi kinachoishia na .download, na data zenyewe zimo ndani ya kifurushi hicho.

Firefox hutumia .part, na kando yake huweka faili jingine lenye jina kamili lakini lenye baiti sifuri, ambalo kazi yake ni kushikilia nafasi tu. Wengi hulifungua hilo tupu wakadhani kila kitu kimepotea. Katika matoleo ya kabla ya 98, lililotoka Machi 2022, Firefox ilianza kuandika katika folda ya muda ya mfumo, yaani %TEMP% kwa Windows na /tmp kwa Linux, kisha ikahamishia faili mahali ulipochagua. Tabia hiyo bado inaweza kurudishwa kwa kubadili browser.download.start_downloads_in_tmp_dir ndani ya about:config (ukurasa wa mipangilio ya ndani ya Firefox), lakini sishauri mtu yeyote airudishe. Mifumo ya Linux ya Debian 13 na Fedora huweka /tmp ndani ya RAM, na kwa kawaida huipa nusu ya RAM iliyopo, hivyo katika kompyuta ya GB 4 folda hiyo itajaa ikifika GB 2 hata kama diski ina nafasi tele. Isitoshe, folda ya muda ikiwa kwenye diski tofauti na faili linapokwenda, kazi ikimalizika mfumo hulazimika kunakili kila baiti upya, ilhali ndani ya diski moja hubadilisha jina tu.

Hatua ya 3: Jaribu kuendelea ndani ya kivinjari

Bonyeza Ctrl+J katika Chrome au Edge, kisha bonyeza kitufe cha kuendelea. Ikifanya kazi, nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Endeleza kwa curl

Hatua hii ndiyo inayowapotezea watu saa nyingi, kwa hiyo naomba uisome yote kabla ya kuandika amri yoyote. curl ni programu ya kupakua mafaili kwa kuandika amri katika dirisha la amri: PowerShell kwa Windows, terminal kwa Linux.

Kwanza nakili faili la .crdownload au .part liende kwenye folda nyingine, kisha lipe nakala hiyo jina fupi kama ubuntu.iso. Usifanye kazi juu ya faili la asili, kwa sababu kivinjari kikifunguliwa kinaweza kulifuta au kulianza upya bila kukuuliza. Katika Windows hakikisha umeonyesha miisho ya majina ya mafaili, la sivyo utabaki na ubuntu.iso.crdownload huku ukidhani umeshabadilisha, na curl italianza faili jipya kutoka sifuri kando yake.

Pili, pata kiungo. Katika ukurasa wa vipakuliwa, bofya jina la faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na unakili anwani yake. Tovuti zinazodai uingie kwanza hutoa viungo vinavyoisha muda. Kiungo kikiwa kimekufa, rudi kwenye ukurasa wenyewe uchukue kipya. Jihadhari zaidi na viungo vinavyoelekeza kwenye toleo la karibuni bila kutaja namba. Ubuntu 24.04 ilifuatiwa na 24.04.1 na mengine baada yake, na ukiunganisha mwanzo wa toleo moja na mwisho wa jingine utapata faili lenye ukubwa wa kuridhisha ambalo halifai kwa lolote.

Tatu, fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye nakala yako, kisha iulize seva (kompyuta inayotuma faili) kama inakubali kuendelezwa, ukiweka anwani uliyonakili badala ya KIUNGO:

curl.exe -I -L "KIUNGO"

Katika majibu tafuta mstari wa Accept-Ranges: bytes. Ukiwepo, seva inaweza kutuma sehemu ya faili tu, ikijibu kwa namba 206. Angalia pia Content-Length, ambao ni ukubwa kamili wa faili kwa baiti.

Nne, endeleza:

curl.exe -L -C - -o ubuntu.iso "KIUNGO"

Kistari kinachosimama peke yake baada ya -C kina maana yake: kinaiambia curl ipime yenyewe ukubwa wa faili lililopo na kuanzia hapo. Alama za kunukuu ni za lazima kwa sababu viungo vingi vina alama ya &. Windows 10 imekuja na curl tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, lakini PowerShell inayokuja na Windows hutumia neno curl kwa amri yake nyingine kabisa, ambayo itavikataa vigezo hivi kwa maandishi mekundu. Ndiyo maana nimeandika curl.exe. Katika Linux andika curl tu. Mtandao ukikatika tena, rudia amri ile ile bila kubadili chochote. Ukiona ujumbe wa kosa namba 33, seva haikubali kuendelezwa, na hapo hakuna budi kuanza upya.

Kuna hali mbili ambamo ukubwa wa faili hudanganya. Ya kwanza ni umeme kukatika ghafla: mfumo unaweza kuwa umerefusha faili bila kuandika data za mwisho, na mahali pake pakabaki sifuri tupu. Dawa ni kukata megabaiti 10 za mwisho kabla ya kuendeleza, na curl itazileta tena. Katika Linux:

truncate -s -10M ubuntu.iso

Katika PowerShell, ukitaja njia kamili ya faili:

$f=[IO.File]::OpenWrite('D:\kazi\ubuntu.iso'); $f.SetLength($f.Length-10MB); $f.Close()

Ya pili ni upakuaji sambamba wa Chrome, unaowashwa katika chrome://flags (ukurasa wa vipengele vya majaribio vya Chrome). Ukiwa umewashwa, vipande huandikwa sehemu mbalimbali kwa wakati mmoja, hivyo faili linaweza kuwa na mashimo katikati, na curl haina namna ya kuyajua. Faili la namna hiyo liendeleze ndani ya Chrome yenyewe, au liache.

Hatua ya 5: Hakiki

Ukubwa kuwa sawa na Content-Length hautoshi; pima pia alama ya SHA256, yaani mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima. Windows: certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256. Linux: sha256sum ubuntu.iso. Linganisha matokeo na yale yaliyomo katika faili la SHA256SUMS kwenye releases.ubuntu.com, tarakimu kwa tarakimu, na usichome flashi kabla ya kufanya hivyo.

Hatua ya 6: Safisha

Futa nakala za .crdownload na .part zilizobaki, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna upakuaji unaoendelea. Katika simu za Android za matoleo ya karibuni, mafaili ambayo hayajakamilika huweza kukaa katika folda ya Download kwa majina yanayoanza na .pending-, na huonekana tu ukiruhusu kidhibiti cha mafaili kionyeshe yaliyofichwa. Mfumo huyapa muda wa takriban wiki moja kabla ya kuyaondoa, kwa hiyo ukihitaji kuokoa chochote humo, kinakili mapema kwenda kwenye kompyuta.