Kabla ya Kuwasha Leza, Amua Kipi Kikatwe Kwanza

Mpara samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hakati sato vipande ndipo aanze kutoa magamba. Huyapara samaki akiwa bado mzima, mkono una pa kushika. Kwenye mashine ya kukata kwa leza wengi tunasahau jambo hilo. Tunachora, tunatuma faili, na programu inafuata mpangilio tuliochorea au inatafuta safari fupi ya kichwa cha mashine. Hapo hakuna aliyeuliza kipande kitaachia ubao saa ngapi.

Tuseme unatengeneza vishika funguo vya umbo la sato kwa plaiwudi ya milimita 3. Kuna magamba ya kuchoma juu juu, tundu la jicho, tundu la pete, na umbo la nje. Magamba yatangulie, yafuate matundu, umbo la nje liwe la mwisho kabisa. Ukianza na la nje, samaki akishaachia hushuka kidogo, huinama, au husukumwa na upepo wa pampu. Akisogea milimita moja tu, tundu la pete limeshakaa ukingoni. Kwa hiyo ipe kila kazi rangi yake tangu unapochora. Kwenye LightBurn, programu ya kuendesha leza, kwa mfano, ukichagua kufuata leya, yaani tabaka za mchoro zinazotofautishwa kwa rangi, rangi iliyo juu kwenye orodha ndiyo hutangulia.

Herufi zina mtego wake. Neno MWANZA lina A mbili, na kila A ina pembetatu ndani. Ukizikata herufi zenyewe, pembetatu itoke kwanza. Programu nyingi zina chaguo la kuanza na maumbo ya ndani, lakini haziwezi kujua ndani ni wapi kama mstari haujafungwa. Kuza mchoro, tafuta ncha zisizogusana, uziunganishe. Ukiwa hapo hapo futa mistari iliyolaliana: leza itapita mara mbili, na ukingo utatoka mweusi kama uliookwa.

Akriliki inahitaji subira zaidi. Matundu madogo yaliyosongamana yakikatwa moja baada ya jirani yake, joto hukusanyika na akriliki hulainika, wakati mwingine hupinda. Afadhali kichwa kiruke huku na huko, hata kama safari inarefuka.

Sasa suala la umeme, ambalo mafunzo mengi ya video hayaligusi. Una vishika funguo 20 kwenye ubao mmoja. Kwa mpangilio wa leya, mashine itachoma magamba ya wote 20 kisha ndiyo ianze kukata. Umeme ukikatika katikati, una samaki 20 na hakuna hata mmoja wa kumpa mteja. Ukivifunga kwa makundi, kila samaki akamalizwa peke yake, kazi huchukua muda zaidi ila waliokwisha wamekwisha. Kama mzigo unapanda kivuko cha Ukerewe asubuhi, mimi huchagua makundi bila kufikiri mara mbili. Na umeme ukizimika usiuguse ubao, ili uendelee pale pale ukirudi. Andika pia mahali kichwa kilipoanzia kazi, maana ukisahau hapo, hata ubao usiposogea hautakusaidia.

Ubao wenyewe ulale sawasawa. Uliopinda kwa unyevu ubane kwa sumaku, kama kitanda cha mashine ni cha chuma, na uhakikishe kichwa hakitazigonga kikipita. PVC usiikate kabisa, kwani hutoa gesi yenye klorini inayodhuru mapafu na kulisha mashine kutu.

Mwisho fungua onyesho la awali na uliangalie polepole mpaka mwisho, ukifuata kila mahali kichwa kinaporukia. Kisha kata samaki mmoja kwenye kadibodi, kwa nguvu ndogo, ukiwa umesimama pale pale maana kadibodi hushika moto upesi. Akidondoka kabla tundu la pete halijatoka, rudi kwenye orodha ya rangi.