Somo: Namna ya kujifunza kazini wakati wa mafunzo kwa vitendo

Karibuni katika somo la leo, ndugu wanachama. Vyuo vikuu vingi humtaka mwanafunzi afanye kazi katika ofisi, kiwanda au taasisi kwa wiki au miezi kadhaa kabla hajahitimu, naye hurudi chuoni na daftari lililogongwa mihuri, fomu ya tathmini iliyojazwa na ripoti yenye jalada zuri. Vyote hivyo vinaweza kupatikana bila mhusika kujifunza jambo la maana, na ndiyo sababu somo hili halihusu mbinu za kupata nafasi, bali namna ya kuitumia.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Mwaka 1906 Herman Schneider, aliyekuwa akifundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, aliwapanga wanafunzi wake katika makundi ya kupokezana, moja likiwa darasani wakati jingine liko kiwandani, kwa hoja kwamba yako mambo ya taaluma ambayo darasa haliwezi kuyafundisha hata likiwa na karakana nzuri. Mambo yapi hayo? Kwa maoni yangu, kubwa kuliko yote ni kwamba darasani mwanafunzi hupewa swali ambalo mwalimu amekwisha kulichambua, takwimu zinazohitajika zimo na zisizohitajika zimeondolewa, ilhali kazini hakuna aliyemwandalia swali, na kulitambua ni sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuzingatia jambo hilo.

Hatua ya kwanza: andika unachotaka kukiweza

Kabla ya kuripoti kituoni, andika malengo matatu au manne kwa vitenzi vinavyoweza kupimwa. Mwanafunzi wa uhasibu anayeandika kwamba anataka kuifahamu kazi ya uhasibu hajaandika lengo, kwa kuwa hakuna siku atakayoweza kusema amelifikia. Akiandika kwamba anataka aweze kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki na kueleza kila tofauti atakayoikuta, msimamizi wake atajua ampe kazi gani, naye mwenyewe atajua amefika wapi.

Hatua ya pili: mjue atakayekusimamia

Jina kubwa la kituo lisikudanganye. Uliza mapema ni nani atakayekupa kazi, atakayeikagua na atakayekuwa na muda wa kukujibu. Ofisi ndogo yenye msimamizi makini hufundisha kuliko taasisi kubwa ambayo mwanafunzi huzungushwa kutoka meza hii hadi ile.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza itumie kutazama

Jifunze kanuni za usalama, mambo ya siri, na mtiririko wa kazi: inaingia kwa nani, inapita kwa nani, nani huidhinisha. Usipendekeze mabadiliko kabla hujaelewa kwa nini mambo yanafanywa yanavyofanywa.

Hatua ya nne: andika daftari la kila siku

Hapa ndipo wengi hupotea, na hapa nitakaa kidogo. Daftari la mafunzo hutakiwa na chuo kama ushahidi wa mahudhurio, kwa hiyo wanafunzi huliandika hivyo: leo nilisaidia idara ya fedha, leo niliendelea na kazi ya jana. Wengine hulijaza Ijumaa jioni kwa wiki nzima, na mwandiko hueleza yote. (Wasahihishaji tunaliona hilo hata kalamu zikibadilishwa.)

Daftari linalofundisha huandikwa siku ileile na hujibu mambo manne. Mwaka 1984 David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba kujifunza kwa uzoefu ni mzunguko: mtu hutenda, hutafakari alichotenda, hutoa kanuni kutokana na tafakuri hiyo, kisha huijaribu kanuni katika tendo jipya. Tuseme mwanafunzi wetu wa uhasibu amekuta salio la daftari halilingani na la benki. Kwanza anaandika alichofanya: alipitia malipo moja moja. Kisha anatafakari: alidhani kuna kosa la kujumlisha, lakini akagundua kwamba hundi iliyotolewa mwishoni mwa mwezi ilikuwa bado haijapelekwa benki na aliyelipwa. Halafu anatoa kanuni: darasani hundi za namna hiyo huorodheshwa ndani ya swali, hapa inabidi zitafutwe, na mahali pa kuanzia ni malipo ya siku za mwisho. Mwisho anaandika atakachojaribu mwezi ujao: kuanza na malipo hayo kabla ya kuhakiki hesabu nzima. Aya hiyo moja ina thamani kuliko kurasa za mahudhurio.

Hatua ya tano: omba kukosolewa

Usimuulize msimamizi kama unaendelea vizuri, kwa sababu adabu itamlazimu ajibu ndiyo. Mpelekee kazi mahususi na umuulize yeye angeifanya tofauti wapi. Maswali madogo yakusanye uyaulize kwa pamoja, na kila swali liambatane na ulichojaribu kabla ya kuuliza. Lakini jambo linalogusa usalama au fedha lisisubiri.

Hatua ya sita: ripoti

Ripoti itoke katika daftari. Historia ya taasisi na mchoro wa uongozi vitosheke na ukurasa mmoja. Kurasa nyingine zieleze matatizo mawili au matatu uliyokutana nayo na namna uelewa wako ulivyobadilika.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi niko mwaka wa pili, na tangu nifike kituoni natumwa kutoa nakala na kupanga mafaili tu. Je, niombe kuhamishwa?

Jibu: Marahaba. Usiombe kwanza. Jean Lave, mwanaanthropolojia aliyechunguza mafundi cherehani wa Liberia, aliona kwamba wanagenzi huanzia mwisho wa kazi: hushona vifungo na kupiga pasi nguo zilizokamilika, baadaye hushona vipande, na kukata kitambaa, ambako kosa ni hasara, huja mwishoni. Kwa kuanzia pembeni wanaijua nguo nzima kabla ya kuikata. Mafaili unayoyapanga ni nguo hiyo. Yasome, kwa ruhusa, uone jambo moja linavyoanza na kumalizika. Hata hivyo, vifungo visiwe vya kudumu. Ikipita robo ya muda wako bila badiliko, mpelekee msimamizi malengo yako na umwombe kazi moja iliyotajwa. Akikataa, mjulishe msimamizi wa chuoni wakati bado muda upo.

Swali: Kituoni wanafanya mambo tofauti kabisa na tulivyofundishwa. Nifuate lipi?

Jibu: Fuata utaratibu wa kituo, na uulize sababu yake. Mara nyingi utaambiwa habari ya muda, gharama au vifaa ambayo kitabu hakikuigusa, na hilo ni somo kamili. Lakini ukiambiwa uruke hatua ya usalama, au utie saini kitu ambacho hukukiona, hiyo si tofauti ya nadharia na vitendo. Kataa kwa heshima, andika tarehe na kilichosemwa, kisha mpigie simu msimamizi wako wa chuoni siku hiyohiyo.

Swali: Mafunzo yangu nayafanya nyumbani kwa kompyuta. Nitatazama nini?

Jibu: Umepoteza yale ya kusikia kwa bahati tu, kwa hiyo yaombe rasmi: uhudhurie vikao kama msikilizaji, na upewe kazi zilizokamilika pamoja na masahihisho yake, kwani masahihisho huonyesha alivyofikiri mkaguzi.

Swali: Daftari langu lina mambo ya wateja. Je, ninaweza kulikabidhi chuoni?

Jibu: Si kabla ya msimamizi wa kazini kulipitia. Tangu siku ya kwanza tumia herufi au namba badala ya majina, usiandike taarifa za wagonjwa, akaunti wala mikataba, na usibandike nakala za nyaraka. Kilichokwisha kuandikwa kwa majina kiandike upya kwenye ukurasa mwingine, na ule wa kwanza uuache kituoni.