Kabla hujavuka kwenda mwamba wa Vivekananda, Kanyakumari

Watu wetu wengi wanaokwenda kusini mwa India kwa matibabu hubaki na siku mbili tatu za kusubiri majibu, ndipo huambiwa waende Kanyakumari, kwenye ncha kabisa ya India. Nendeni. Pazuri kweli. Ila nisikilizeni kwanza.

Boti huanza kuvuka saa mbili asubuhi. Uwe umeshapanga foleni. Mwamba uko kama nusu kilomita tu kutoka ufukweni, lakini bahari ikichafuka boti husimamishwa, kwa hiyo usiuweke siku ya mwisho ya safari. Jaketi la kuokolea usilivae tu, lifunge. Beba noti ndogo: nauli na kiingilio hulipwa mbalimbali. Nguo ziwe za heshima. Kama si Mhindu usiogope, wa dini zote huingia.

Sasa viatu. Ukifika mwambani unavikabidhi, unatembea peku juu ya mawe mpaka uondoke. Mimi nilikwenda na shangazi yangu, mwenye kisukari cha miaka mingi. Tulichelewa kwenye chai, tukafika saa sita mchana. Nikawa narukaruka kutafuta kivuli, yeye anatembea taratibu, katulia, ananiambia, "Nyie watoto wa siku hizi hamvumilii." Tukaona unyayo ulio kwenye jiwe, unaoaminiwa kuwa wa mungu wa kike Kumari, kisha tukakaa kwenye ukumbi wa kutafakari, kiza na kimya. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alitafakari siku tatu hapo mwambani Desemba 1892, miezi tisa hivi kabla ya hotuba yake ya Chicago kwenye mkutano wa dini za dunia. Jengo la kumbukumbu yake lilifunguliwa 1970. Shangazi alifurahi sana.

Jioni namwosha miguu, nakuta malengelenge. La kisigino cha kulia lilikuwa pana kama sarafu ya mia mbili, limeshapasuka, na soli ya kandambili imelowa. Yeye ananiuliza, "Unatazama nini?" Hakusikia kitu. Sukari ilikuwa imeua hisia za nyayo, wala sikuwahi kumuuliza. Kile kidonda tulikiuguza miezi minne tukiwa tumesharudi Morogoro.

Kwa hiyo, mwenye kisukari mguse nyayo kabla hamjaondoka hotelini, akiwa amefumba macho, akwambie unagusa wapi. Asipojua, abaki ufukweni kivulini, umletee picha. Akijua, soksi nene za pamba, boti ya kwanza kabla mawe hayajapata moto, na jioni umkague hadi katikati ya vidole.

Kutoka mwambani kuna daraja la kioo, mita 77, hadi kwenye sanamu ya mshairi Thiruvalluvar yenye urefu wa futi 133. Mwenye kizunguzungu asilazimishwe. Ndani ya ukumbi msipige picha. Maji ya kunywa, kofia, na dawa za mchana ziwe mkobani, zisiachwe chumbani. Watoto muwashike mkono wakati wa kushuka botini, boti huyumba hapo hata bahari ikionekana shwari.