Umeletewa samansi ya madai: namna ya kuandika utetezi ndani ya siku 21

Nimetoka kumsaidia mama mmoja muuza mbao aliyeshtakiwa kwa deni, nami naandika hatua zenyewe zikiwa bado kichwani. Zinahusu Tanzania Bara, kesi za madai zilizofunguliwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Mahakama ya mwanzo na mabaraza ya ardhi yana taratibu zao.

1. Pokea samansi, yaani wito wa mahakama, na usaini. Usijifiche. Ukikataa kusaini, nakala inaweza kubandikwa mlangoni kwako, aliyeileta akala kiapo kwamba alikufikia, na kesi ikaendelea. Andika tarehe ya kupokea kwenye nakala yako.

2. Hesabu siku. Ni 21 tangu ulipopokea. Siku ya kupokea yenyewe haihesabiwi, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Ukikwama, omba mahakama ikuongezee muda kabla siku hazijaisha, au ndani ya siku 7 baada ya kuisha. Nyongeza haizidi siku 10, na lazima uwe na sababu ya msingi. Usipowasilisha kitu, mdai anaweza kuomba asikilizwe peke yake.

3. Jibu aya kwa aya. Hapa ndipo kesi nyingi zinapotelea, na hapa ndipo tulipokaa usiku kucha. Chapisha hati ya madai, yaani maelezo ya mdai yanayokuja na samansi, usiisome kwenye simu. Chukua kaunta buku, piga mistari utengeneze safu tatu: namba ya aya, nakubali au nakana, kwa nini. Aya usiyoikana, iwe kwa kutaja au kwa maana iliyo wazi, inahesabika umeikubali. Ndiyo maana sipendi kabisa fomu za utetezi zinazouzwa steshenari karibu na mahakama. Zinakana kila kitu kwa sentensi moja, "mdaiwa anakana madai yote", na sheria haitaki kukana kwa jumla namna hiyo.

Kukwepa nako hakukubaliki. Tuseme aya ya 4 inadai ulipokea milioni 8 na hukulipa. Ukiandika "sikupokea milioni 8" umekwepa, maana hakimu atajiuliza: je, alipokea 7? Andika kwamba hukupokea kiasi hicho wala sehemu yake yoyote. Au, kama ulipokea, taja kiasi, tarehe, na ulichokwisha kurejesha. Yule mama alipokea milioni 5 na amerejesha 2 kwa M-Pesa. Tuliandika hivyo hivyo, tukaambatisha taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, si picha za meseji, kwa sababu taarifa ile ina namba ya kila muamala.

Yaliyo kweli yakubali: jina lako, anwani, kwamba mlikuwa na biashara. Ukikana hata hayo, utaonekana mtu wa kukana tu. Kama jambo hulijui, sema huna taarifa nalo na mdai atakiwe kulithibitisha.

Pingamizi la kisheria liweke mwanzoni kabisa. Deni la mkataba, kwa mfano, lina ukomo wa miaka 6, yaani baada ya hapo mdai amechelewa kulifungulia kesi. Na kama mdai naye ana fedha zako, madai kinzani yanakaa humo humo kwenye utetezi, ila yana ada yake.

Lugha? Kiswahili. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kikawa lugha ya mahakama, kwa hiyo usiandike Kiingereza usichoweza kukitetea ukisimama mbele ya hakimu.

4. Uthibitisho. Chini ya utetezi taja aya unazozijua mwenyewe na zile ulizoambiwa ukaamini, kisha saini, tarehe na mahali.

5. Sajili na ulipe. Utetezi unaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Kama una ada ya kulipia, ukipata kontrol namba lipa siku hiyo hiyo, kwani hati isiyolipiwa ni kama haijafika. Usisubiri siku ya 21; mtandao ukikatika saa tano usiku hakuna wa kumlaumu.

6. Mpelekee mdai nakala. Asaini kwamba amepokea, pamoja na viambatisho vyote. Nakala yenye saini yake nenda nayo siku ya kutajwa kesi.