Magrupu ya waombaji chuo: yatumie bila kukosa usingizi

Kabla ya kuamini matokeo yanayorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, piga hesabu ya pointi zako. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuomba shahada ni pointi 4.0 za masomo mawili. Kisha soma mstari wa kozi yako kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), maana udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote.

Wenye A tatu ndio wanaotuma picha za matokeo. Mwenye D mbili, ambaye naye ana sifa, hunyamaza, ndiyo maana unajiona wa mwisho.

Zima arifa, ingia mara moja kwa siku. Ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja. Namba ya uthibitisho usimpe yeyote, hata admini.