Kumpima tansio (shinikizo la damu) mtu anayeona giza akisimama

Juzi nilipanda Kadutu, hapa Bukavu, kumwona mama mkubwa. Kila akiinuka kitandani anaona giza na kushika ukuta. Bintiye alikuwa amempima mara nne akiwa ameketi, na mashine haikuonyesha kasoro. Ingeonyeshaje? Mtu akiketi, ugonjwa huu wa tansio kuanguka ukisimama nao unaketi.

Ukisimama, damu ya nusu lita au zaidi huteremka miguuni na tumboni. Vihisio vilivyo shingoni na kwenye upinde wa aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, hugundua kwamba mshipa haujajaa kama mwanzo, vikaliarifu shina la ubongo. Nalo, bila kukuomba ruhusa, hutuma neva za simpathetiki, zile zinazouamsha mwili, zibane mishipa na kuuhimiza moyo, huku neva ya vagasi, ile inayoupunguzia moyo mwendo, ikiachia breki. Ni kazi ya sekunde chache. Hiyo ndiyo tunayoipima.

Hatua ya 1. Alale chali dakika 5. Pima tansio na mapigo, andika. Kufunga mkanda wa mashine mkononi unajua.

Hatua ya 2. Asimame, kitanda kikiwa nyuma yake na mtu pembeni. Akianza kuyumba, aketi hapo hapo. Achana na namba.

Hatua ya 3. Pima tena dakika ya 1 na ya 3, akiwa bado amesimama. Hapa ndipo nilipopoteza asubuhi nzima nikiwa mwanafunzi. Mzee mmoja wa sukari alikuwa anaanguka kila siku, lakini kwangu tansio ilishuka kidogo tu. Nikabadilisha mashine, nikabadilisha mkono, wapi! Mwalimu akaja, akauinua ule mkono uliokuwa unaning'inia, akaupakata kwapani mwake mkanda ukiwa sawa na moyo, na namba ikaporomoka. Mkanda ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, uzito wa damu peke yake unaongeza karibu 8 kwenye namba, na hizo 8 zinatosha kukuficha ukweli. Wala usimwambie aunyooshe mwenyewe, maana misuli ikikaza tansio inapanda. Ushike wewe, au uweke juu ya kabati. Sweta livuliwe, najua Bukavu asubuhi kuna baridi, lakini livuliwe. Mashine za kifundo cha mkono mimi sizitaki kabisa. Natumia ya kupuliza kwa mkono na stetoskopu. Ya betri inachelewa, kwa hiyo ukiwa nayo ibonyeze kabla dakika haijatimia.

Hatua ya 4. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, tansio imeanguka. Sasa tazama mapigo. Yakipanda sana, fikiria kwanza maji au damu iliyopungua: kuhara, kutapika, kutokwa damu. Yasipopanda hata 15, shuku neva zenyewe, hasa kwa mwenye sukari ya miaka mingi. Ila uliza dawa kwanza. Zipo za tansio zinazoufunga moyo usikimbie.

Mama mkubwa alilala na 138 kwa 82, mapigo 72. Dakika ya 3: 112 kwa 70, mapigo 78. Ana sukari tangu zamani. Dawa zake sikuzigusa. Karatasi ya namba imekwenda kwa daktari, na ndoo ya usiku tumeisogeza kando ya kitanda.